Mkono Mrefu: Mwongozo kwa Mgeni wa Hekima Mjini Lubumbashi

Umealikwa chuoni kusikiliza falsafa ya Kibuddha na kutazama sanaa takatifu. Hongera. Kabla hujapiga pasi shati la Jumapili, soma masharti haya. Yameandikwa kwa ajili ya wanaoamini, kama nilivyoamini mimi zamani, kwamba hekima hukaa palipo na maikrofoni.

Kwanza, njia. Ukipanda teksi-basi usiseme "Kasapa" ukanyamaza. Kasapa kuna chuo kikuu, na Kasapa kuna gereza. Taja kampasi, tena kwa sauti. Kote kuwili watu hukaa muda mrefu kuliko walivyopanga, ila ni mahali pamoja tu wanapotoka na diploma.

Pili, usimtafute Buddha dukani. Yule mnene anayecheka kando ya sanduku la pesa katika duka la Mchina ni Budai, mtawa wa masimulizi ya China, mwenye kitambi na mfuko wa baraka. Siddhartha Gautama ni mwingine: aliacha jumba la kifalme kule kwao, akaketi chini ya mti kutafakari mateso ya binadamu. Ukimwonyesha profesa picha ya wa kwanza ukimwita wa pili, atatabasamu. Tabasamu hilo si nirvana.

Tatu, ukiambiwa na watawa wa Kibuddha kwamba hakuna kinachodumu, usiandike kama habari mpya. Mji huu ulikuwa Élisabethville hadi 1966. Mkoa ulikuwa Katanga, ukawa Shaba mwaka 1971, ukarudi Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ukakatwa vipande, sisi tukabaki na Haut-Katanga. Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina refu la Kibelgiji, kikamezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre mwaka 1971, kikatapikwa mwaka 1981 kikiwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kuna wazee hapa hawajahama nyumba maishani, lakini barua zao zimekwisha kuzunguka mikoa mitatu. Waambie watawa wapumzike kidogo. Sura hiyo tumeisoma.

Nne, usimkaribishe mgeni kana kwamba falsafa imeshuka kwenye ndege pamoja naye. Mwaka 1945, katika mji huuhuu, kilichapishwa kitabu cha padri Mfransisko, Placide Tempels, kuhusu falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni nguvu yenyewe. Mbuddha angemjibu kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake. Wape viti, uwaache wabishane. Wewe kumbuka jambo moja tu: wazee wa Kiluba waliomfundisha padri hawamo kwenye jalada.

Na uchunge neno "jamaa". Pengine ni ndugu, pengine ni mtu yeyote tu. Huku Katanga, Jamaa ni pia watu wa harakati ya Tempels iliyoanza miaka ya 1950 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao. Walizungumza uzima, uzazi na mapendo, tena kwa Kiswahili, bila kusubiri ukumbi wa chuo.

Tano, mandala. Watawa wa Kitibeti huinama siku kadhaa wakidondosha mchanga wa rangi kwa mirija ya chuma, chembe baada ya chembe. Mandala ya Kalachakra peke yake ina miungu 722. Kisha huifagia. Usipige kelele, usiite polisi, usiseme "mungeniuzia!" Wanagawia watu mchanga kidogo, unaobaki wanaumwaga majini. Kufagia ndilo somo lenyewe.

Sita, lukasa. Hapa ndipo mgeni huumbuka. Ni ubao wa Waluba unaoenea kiganjani, umejaa shanga na makombe. Mtu wa chama cha Mbudye huushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikitembea juu yake, huku akisimulia habari za Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, wahusika wa masimulizi ya chanzo cha ufalme wa Waluba. Usiulize "umeandikwa nini?" Uliza "anasoma nani?" Msomaji mwingine, mbele ya watu wengine, ataanzia ushanga mwingine na kufika kwingine. Ubao uliofungiwa kwenye kioo bila msomaji ni ngoma iliyohifadhiwa vizuri sana isiyopigwa.

Saba, na hili ndilo sharti lenye meno. Jina lukasa hufasiriwa "mkono mrefu". Kwa Kiswahili, mwenye mkono mrefu tunamjua: ni yule anayeondoka na kisicho chake. Kumbe majina huona mbali. Leo ukitaka kuona lukasa mojawapo inayojulikana sana, nauli yako ni ya kwenda kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn, New York.

Kwa hiyo siku mtawa atakapofagia mandala yake na ukumbi mzima ukapiga makofi, piga na wewe. Lakini usikubali aliye kando yako akunong'oneze kwamba na sisi tumejifunza kuachilia. Yule amefagia kwa mkono wake, na kesho anajua kuichora tena. Sisi tulifagiliwa.

Ukitoka, usikimbilie duka la zawadi. Mtafute mzee, msalimie kwa adabu, umnyooshee kiganja kitupu: "Papa, nisomee." Akianza, zima simu.