Mhadhara wa Profesa wa Kujitegemea, Sokoni Asumbi

Bwana Chifu, Padri, walimu wa chuo, mama zangu wa omena, nanyi vijana wa boda mliokuja kujikinga mvua: shukuruni. Mhadhara huu Nairobi wangeulipia.

Mada ni kupandikiza tishu ubongoni kutibu ugonjwa wa Parkinson. Sifa zangu? Nina koti jeupe. Tuendelee.

Mzee akianza kutetemeka mkono na kuburuta miguu, mnasema karogwa. Mwacheni jirani! Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini. Zikifa, mwili haupati amri sawasawa. Basi nikawaza: tupande nyingine. Wenzangu wa ng'ambo waliniibia wazo hilo kabla sijaliwaza. Mwaka 1987 daktari Madrazo wa Mexico alitangaza kwamba amehamisha tishu ya tezi iliyo juu ya figo ya mgonjwa mwenyewe hadi ubongoni. Shangwe! Wengine walipojaribu, shangwe ikapoa. Mwaka huohuo, Lund nchini Sweden, wakaanza kupandikiza tishu ya ubongo wa vijusi vya mimba zilizotolewa. Padri, tafadhali, usiondoke.

Hapa ndipo ninapong'ara. Wamarekani walikusanya wagonjwa 40 kujaribu tishu hiyo ya vijusi, wote wakatobolewa fuvu, lakini nusu yao hawakuwekewa chochote! Wala hawakuambiwa nani kapata na nani kakosa. Matokeo yakachapishwa 2001: wagonjwa walipojipima wenyewe, makundi hayakupishana kwa lolote la maana. Waliopandikizwa wenye miaka 60 kushuka chini walipata nafuu kiasi wakipimwa na daktari. Wachache kati ya waliopandikizwa wakaishia kujinyonganyonga bila hiari. Ila waliodhani wamewekewa, hata kama hawakuwekewa, waliona maisha yamekuwa mazuri.

Mimi nimethibitisha hayo kwa redio zenu miaka nenda miaka rudi. Nafungua, natikisa kichwa, nafunga, mnalipa, mnasema sasa inasikika vizuri.

Kyoto nchini Japani wamehamia seli shina, zile zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 2025 walitoa matokeo ya wagonjwa 7, bila madhara makubwa. Hayo yalikuwa majaribio. Tegemeo la wengi ni vidonge vya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na levodopa hiyohiyo imo kwenye mbegu za upupu, huu unaowawasha shambani. Wewe kijana, keti! Hakuna aliyekutuma kuzitafuna. Kipimo chake hukijui.

Swali? Naam, jaduong', unauliza kama napokea wagonjwa. Mzee anayetetemeka mpelekeni hospitalini. Mimi niachieni redio.