Breki ya Mtutu na Watu wa Kando

Breki ya mtutu ni kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza teke lake. Bunduki ndogo haina shida nayo. Bunduki kubwa ya masafa marefu, ile inayotafuta shabaha iliyo kilomita moja au zaidi, inaihitaji kuliko mwenyewe anavyokiri siku anayoinunua. Kwa kawaida hukiri kesho yake, anaposhindwa kuvaa shati bila msaada.

Kazi yake inaeleweka vizuri kwa kutazama risasi moja. Risasi ya .338 Lapua Magnum, inayobeba jina la mji wa Lapua nchini Ufini, ina uzito wa gramu 16 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Nyuma yake kuna takriban gramu 6 za baruti, ambazo zikishaungua hutoka mdomoni kama gesi inayokimbia kuliko risasi yenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya teke, karibu theluthi, haitoki kwa risasi bali kwa moshi, na ni hiyo tu ambayo breki inaweza kuishughulikia. Gesi ikigeuzwa kwenda pembeni, huacha kuisukuma bunduki nyuma. Ikigeuzwa irudi nyuma kidogo, huzisukuma kuta za breki mbele na bunduki ikafuata. Kadiri baruti inavyokuwa nyingi kwa kulinganishwa na uzito wa risasi, ndivyo breki inavyolipa gharama yake.

Kabla ya breki kuzoeleka kwenye bunduki za mkono, mabega yalilipa. Mwaka 1918 Wajerumani walitengeneza bunduki ya Mauser ya milimita 13.2 ya kutoboa vifaru vya Waingereza, yenye uzito wa zaidi ya kilo 15 na isiyo na breki wala mto kwenye kitako. Utani ulioifuata ni kwamba askari huweza kuipiga mara mbili tu maishani, mara moja kwa kila bega. Mwaka 1982 mpiga picha wa Tennessee, Ronnie Barrett, alibuni bunduki ya kaliba .50, yaani milimita 12.7, ambayo leo hutambulika kwa mbali kwa breki yake yenye umbo la kichwa cha mshale. Mtu wa kawaida anaweza kuipiga na bado akala chakula cha jioni kwa mkono wa kulia.

Hata hivyo teke lililoondolewa begani halitoweki. Gesi ile bado ina haraka zake, na sasa imepewa mlango mwingine wa kutokea. Anayechagua breki anachagua hasa ni nani atakayeipokea, na wauzaji hawalitaji jambo hilo kwenye boksi.

Breki ya aina ya kwanza ina matundu kuzunguka pande zote. Ni rahisi kutengeneza, rahisi kufunga, kwa sababu haina juu wala chini, na huonekana nadhifu dukani. Kasoro yake hujulikana mpigaji anapolala kifudifudi, na mashindano mengi ya masafa marefu hupigwa hivyo hivyo. Matundu ya chini hulenga ardhi. Katika uwanda mkavu kama wa Raton, New Mexico, kilipo kituo cha Whittington ambako wapigaji wa kaliba .50 hukutana, mlio mmoja huinua wingu la vumbi linalomfunika mpigaji, bunduki, darubini na sandwichi. Hasara si uchafu peke yake. Risasi iendayo mita 1,500 hukaa hewani zaidi ya sekunde mbili, na anayetaka kurekebisha shabaha ni lazima aione inapotua. Aliye ndani ya vumbi huwa anapangusa macho wakati risasi yake inafika, kisha humwuliza mwenzake imeanguka wapi. Naye yumo kwenye vumbi lile lile. Tiba ni kutandika turubai mbele ya mtutu au kuimwagia ardhi maji, na ndiyo sababu wapo watu wanaokwenda kwenye mashindano na ndoo.

Aina ya pili hutoa gesi kushoto na kulia tu, mara nyingi kupitia vyumba viwili hadi vitano vilivyoinamishwa nyuma. Hii ndiyo inayopunguza teke zaidi, na ndiyo inayovunja urafiki. Anayekaa meza ya jirani hupokea kila mlio kama abiria aliyekalishwa kwenye spika ya daladala, tofauti ikiwa abiria anaweza kushuka. Kofia huruka. Karatasi ya hesabu za upepo, iliyoandikwa kwa subira ya asubuhi nzima, huenda kwenye nyasi. Viwanja vingi vya Marekani huwapeleka wenye breki meza ya mwisho kabisa, adhabu ambayo wao huihesabu kuwa heshima.

Breki nyingine huongezewa vitundu vya juu ili gesi iukandamize mtutu usiinuke. Hiyo ni busara mahali pa wazi. Chini ya paa la kiwanja cha zamani, vitundu hivyo hushusha vumbi, utando wa buibui na pengine kiota cha ndege kilichokuwa hakimkosei mtu.

Kelele inahitaji kupewa uzito wake. Mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja, na bunduki kubwa hupita 160 kwa urahisi. Breki haiongezi baruti, ila huirudisha sauti karibu na masikio ya mpigaji. Vizibo vya ndani pekee havitoshi, wala vikinga vya nje pekee. Huvaliwa vyote kwa pamoja. Wawindaji wa kulipwa katika mapori ya Tanzania wengi wao huichukia breki kwa sababu hii. Mfuatiliaji nyayo hutembea mbele, hana chochote masikioni, na mgeni aliyelipia safari hupiga risasi akiwa nyuma yake kidogo. Hapo bega la mgeni huokolewa kwa masikio ya mtu mwingine.

Ufungaji una visa vyake. Tundu la kupitia risasi huachwa kubwa kuliko risasi kwa karibu nusu milimita, si zaidi sana, la sivyo gesi hutoka mbele bila kufanya kazi. Nafasi hiyo ndogo hudai meno ya skrubu yakatwe sambamba kabisa na shimo la mtutu. Fundi wa kukereza aliyekosea kidogo huifanya risasi iguse chuma ikitoka, na breki ya bei kubwa hupata tundu jipya ambalo halikuwa kwenye mchoro. Halafu kuna vipimo: bunduki nyingi za Ulaya za kaliba ya .338 hutumia M18x1, zile za Marekani hutumia inchi, na posta haibadilishi meno njiani. Breki ya pembeni ni lazima pia ikae wima. Ikilala upande, huisukuma bunduki mshazari kila mlio, na mwenye bunduki hulaumu upepo mwezi mzima. Nati ya kukazia huondoa tatizo hilo kwa dakika chache, ikiwa mtu ameisoma karatasi ya maelekezo kabla ya kuitupa.

Breki ikishafungwa, shabaha hupangwa upya, kwa kuwa uzito ulioongezwa mdomoni hubadilisha mtikisiko wa mtutu na mahali risasi inapotua. Anayeifungua ili aisafishe kaboni na kuirudisha bila kuipima tena hujikuta akipiga mlima kwa ustadi mkubwa.

Kanuni nazo huamua mengi. Mashindano ya masafa marefu ya F-Class hayaruhusu breki kabisa, hivyo ni vyema kuzisoma kanuni kabla ya kuendesha gari siku nzima. Marekani, kati ya 1994 na 2004, sheria ya shirikisho ilihesabu kifaa cha kuficha mwali wa mdomo kuwa sifa ya silaha ya vita lakini haikuihesabu breki hivyo, na vipande viwili vya chuma vilivyokaribia kufanana vikaishi maisha tofauti.

Waliochoshwa na kelele huhamia kwenye kizuia sauti, ambacho nacho hupunguza teke. Nchini Ufini ni kitu cha kawaida kwenye bunduki za uwindaji. Marekani, sheria ya 1934 ilikiwekea usajili na kodi ya dola 200, kodi iliyodumu hadi mwisho wa 2025. Vizuia sauti vingi hufungwa juu ya breki maalumu ya kampuni ile ile, na breki ya kampuni nyingine haikubali. Kwa hiyo anayefikiria kuvinunua vyote viwili huanza na kizuia sauti, ingawa breki ndiyo iliyompeleka dukani.