Kikokotoo Hakijui LUKU

Ukiacha mapenzi, sidhani kuna hesabu inayompofusha mtu upesi kama ya kuchimba bitcoin. Kikokotoo cha mtandaoni huuliza mambo machache: mashine yako ina kasi gani, inakula wati ngapi, uniti ya umeme ni bei gani. Mtu hujaza kisanduku cha kwanza kwa bashasha, cha pili kwa kubahatisha, cha tatu anakiacha kama alivyokikuta. Anabonyeza, anazidisha jibu kwa 30, halafu kwa 12, na kabla chai haijapoa ameshachagua rangi ya gari. Kumbe ile kasi aliyoanza nayo ndiyo inayosema machache kuliko vyote.

Kasi ni idadi ya tiketi za bahati nasibu ambazo mashine hukata kwa sekunde. Antminer S9, iliyotoka 2016 na sasa inauzwa mtumba, hukata kama trilioni 14. Namba hiyo inatisha mpaka uiweke kando ya dunia nzima, ambayo katikati ya 2024 ilikuwa ikikata trilioni mara milioni 600 kwa sekunde hiyohiyo. Una tiketi moja katika kila milioni 43. Tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani kila tiketi inayoshinda, hutoa bitcoin 3.125, na bloku hupatikana kila dakika 10 hivi, kwa hiyo wachimbaji wote duniani hugombea kama 450 kwa siku, ukiacha ada za miamala. Tuseme bitcoin moja ni dola 60,000 na dola ni shilingi 2,600: fungu la S9 ni kama shilingi 1,640 kwa siku. Ukigoma kujiunga na kundi la wachimbaji wanaogawana mapato, ukavizia bloku nzima peke yako, wastani wa kusubiri ni miaka 815. Andika wosia mapema.

Sasa twende kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. S9 hula wati 1,400 hivi; ni pasi iliyowashwa mchana kutwa na usiku kucha bila shati hata moja kunyooshwa. Hizo ni uniti 33.6 kwa siku, na kwa shilingi 356 uniti moja, kodi ndani, unalipa karibu 12,000 ili upate 1,640.

Atatokea mtu aseme dawa ni mashine yenye kasi zaidi. Haya, tuchukue Antminer S21, trilioni 200 kwa sekunde, wati 3,500. Inaingiza kama 23,400 na kula umeme wa 29,900. Hasara imepungua, ila ni hasara uliyoinunua kwa mamilioni. Zile uniti 75 ambazo mtumiaji mdogo wa nyumbani huuziwa kwa bei nafuu kwa mwezi mzima, S21 inazimaliza kabla ya siku ya kwanza kuisha. Tena wenzako nao wananunua. Kila baada ya bloku 2,016, kama wiki mbili, mfumo hupima kasi ya wote na kurekebisha ugumu wa kushinda, ili bloku zisitoke haraka zaidi. Ni kama abiria wote wa daladala ya saa kumi na mbili alfajiri waamue kuwahi kituoni saa kumi: viti haviongezeki, usingizi tu umepotea.

Wengine husema bei itapanda. Huenda. Lakini anayeamini hivyo angeichukua ile 12,000 ya LUKU akanunulia bitcoin moja kwa moja: angepata mara saba ya anachochimba, na nyumba ingebaki kimya bila ule mngurumo wa feni.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja: wapo wanaofaidi. Hifadhi ya Virunga, huko Kongo, huchimba kwa umeme wa maporomoko yake yenyewe, ambao sehemu yake haikuwa na mnunuzi. Hapo hesabu inageuka, na hata mashine ya kasi ndogo inaweza kuleta kitu. Mwenye chumba kimoja Manzese hana maporomoko. Ana soketi moja, na friji ya mwenye nyumba imeshachomekwa hapo.