Sifa za Mheshimiwa Kukwama

Wengine na wasifu roboti zinazopiga sarakasi na kuunga vyuma vya magari usiku kucha bila kudai chai. Kalamu yangu leo ni ya yule asiyetajwa katika tangazo lolote la biashara: Mheshimiwa Kukwama, mtawala wa ngazi, vizingiti, mitaro na betri zilizokwisha. Gari likizimika barabarani, watu wasiojuana huvua makoti wakasukuma, wakacheka, wakapeana majina. Mheshimiwa anafanya hivyohivyo kati ya binadamu na roboti. Asingekuwepo, tungepishana nazo kila mmoja na hamsini zake.

Waliomwelewa mapema ni Profesa Manuela Veloso na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Waliunda roboti ziitwazo CoBot, za kusindikiza wageni na kupeleka ujumbe na vitu kutoka ofisi hadi ofisi. Magurudumu zinayo, kamera zinazo, mikono hazina. Sasa asiye na mikono akifika kwenye lifti afanyeje? Mhandisi mwenye kiburi angeifungia roboti mkono wa bei mbaya. Hawa waliifunza adabu: inasimama mlangoni na kumwomba apitaye aibonyezee kitufe. Ikitumwa kitu jikoni, inaomba aliyepo aiwekee kikapuni. Stephanie Rosenthal, aliyekuwa mwanafunzi hapo, alichunguza kwa undani nani aombwe, yuko wapi, na vipi asichoshwe kwa kuombwa mara kwa mara. Yaani mashine inafundishwa jambo ambalo baadhi ya jamaa zetu wakopaji hawajalijua mpaka leo. Kufikia mwaka 2014 roboti hizo zilikuwa zimetembea zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya majengo, bila hata kidole kimoja.

Mheshimiwa pia ni mgawaji wa umaarufu. Julai 2017, roboti ya ulinzi aina ya K5 ilikuwa doria katika jengo moja la maofisi na maduka mjini Washington, ikashuka vidato na kutumbukia kwenye bwawa la chemchemi. Kabla ya siku hiyo nani aliijua? Baada yake picha zilizunguka dunia, na pale ilipozoea kuchajiwa watu wakaweka maua. Nionyesheni mlinzi wa kibinadamu aliyekesha mwaka mzima bila kosa akawekewa maua.

Na ajira je? Japani, mkoani Nagasaki, mwaka 2015 ilifunguliwa Henn na Hotel, iliyojivunia kuhudumiwa na roboti. Chumbani kulikuwa na kidoli kiitwacho Churi cha kujibu maswali ya mgeni. Mgeni akikoroma, Churi alidhani ameulizwa kitu, akamwamsha kumwomba arudie swali. Roboti za mizigo hazikuweza kufika vyumba vyote, na mvua ilizishinda. Watumishi waliobaki wakajikuta na wageni wa aina mbili, wa nyama na wa plastiki, na wale wa plastiki ndio waliokuwa wasumbufu zaidi. Mwaka 2019 ikajulikana kwamba zaidi ya nusu ya roboti 243 zimeondolewa kazini. Serikali ngapi zimeahidi ajira zisizifikishe? Mheshimiwa hakuahidi kitu, na watu walirudi kazini.

Mtaalamu Lisanne Bainbridge alikwisha kuona hayo mwaka 1983, katika makala yake kuhusu kejeli za mitambo inayojiendesha. Mashine ikichukua kazi nyepesi, anayebaki ni binadamu aliyekaa kitako siku nyingi, mkono umeshapoa, kisha anaitwa ghafla kutatua lililo gumu kuliko yote.

Maadui wa Mheshimiwa watanitajia ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Nakubali, pale hapakuwa na mzaha. Oktoba 2011 roboti Quince, iliyokuwa ikipima mionzi ndani ya jengo la kinu namba 2, ilipoteza mawasiliano baada ya kebo yake kupata hitilafu. Ikabaki humohumo. Mahali ambapo mtu akiingia kusukuma anahatarisha uhai wake, hakuna apitaye wa kuombwa. Lakini tazameni kilichofuata: mwaka 2012 zikapelekwa Quince mbili za kufanya kazi pamoja, ili moja ikipatwa na tatizo la kebo mwenzake ipokee na kurusha mawimbi yake. Palipokosekana binadamu, roboti ikapewa jirani. Hilo nalo naliandika kwenye hesabu ya Mheshimiwa, hata kama deni lake la awali ni kubwa.

Lipo jambo moja tu linalonitia shaka katika utawala wake. Tangu 2018, roboti ndogo za kampuni ya Starship zimekuwa zikipeleka vyakula majumbani mjini Milton Keynes, Uingereza. Zikinasa kwenye theluji, wapita njia huzinasua, na wengi hufanya hivyo kwa furaha, hasa watoto. Ni wema mzuri. Ila wema huo ni kazi, na faida yake inaingia kwenye hesabu za kampuni. Kule chuoni Pittsburgh aliyebonyeza kitufe cha lifti alisaidia utafiti. Mtaani anamsaidia mfanyabiashara kuokoa mshahara wa tarishi.

Kwa hiyo, wahandisi, nawaomba machache. Roboti ikikwama iseme wazi imekwama wapi na inataka nini, imkumbuke iliyemsumbua jana, na ikinasuliwa iseme asante. Na ninyi wenye makampuni, mnapopanga bajeti, wekeni fungu la hao wanaosukuma. Mpaka sasa wanasukuma bure.