Mabosi Wawili

Mwili huu naulisha mimi, nauvisha mimi, na ukiugua gharama natoa mimi. Lakini kwenye kuutawala, nakuta maamuzi yamekwisha kupitishwa ndani kwa ndani, mimi mwenyewe sikuitwa hata kikaoni.

Chukua kibofu. Kwenye foleni ya Mbezi kinakaa bila neno. Tunashuka kituoni, bado kimetulia. Ngoja sasa nifike mlangoni nitoe ufunguo! Hapo hakitaki tena kusikia habari ya subira. Majirani wamezoea kuniona nikicheza kiduku barazani huku natafuta tundu la kitasa. Wataalamu hawashangai: kibofu kimejifunza kwamba ufunguo ukitoka, choo ki karibu. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliyaona hayo kwa mbwa. Walidondokwa na mate kabla hata chakula hakijafika, kwa kusikia tu nyayo za mletaji. Afadhali wao, nyayo ziliishia kwenye chakula.

Halafu kuna presha. Nyumbani, kwa mashine ya shemeji, nasoma 120/80, kijana kabisa. Nikifika zahanati mambo yanageuka.

"Baba, tulia kwanza," anasema dada nesi.

"Nimetulia, mwanangu."

Mashine inanikana mbele ya foleni nzima: 150/95. Wenyewe wanaiita presha ya koti jeupe, na ndiyo sababu watu hushauriwa wapimwe na nyumbani pia kabla ya kuanzishiwa vidonge vya maisha. Sawa, lakini siku ile dada nesi alivaa bluu!

Sasa wamezuka wahamasishaji. Unalipa kiingilio, unapewa soda ya moto, unaambiwa: "Iamuru akili yako ya ndani!" Iamuru? Hii iliyokaa kichwani mwangu kama mpangaji sugu, kodi halipi na taa hazimi?

Mambo yenyewe si mapya. Émile Coué, mfamasia wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha wagonjwa kurudia kila asubuhi na jioni kwamba wanazidi kupata nafuu, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo ishirini. Ila Coué huyo huyo alionya kwamba nia ikigombana na kile ambacho moyo umekwisha kujijengea, nia hushindwa, na ukizidi kujikakamua ndivyo unavyozidi kuangushwa. Kipande hicho wahamasishaji wanakiruka, maana hakiuzi tiketi.

Ukitaka ushahidi, jiamuru ulale saa saba za usiku. Macho yatakutoka, utakumbuka madeni yote hadi ya kilo ya sukari. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna, aliugeuza mchezo: asiyepata usingizi ajitahidi kukesha. Mbinu hiyo huwasaidia baadhi ya watu, kwa kuwa mtu akiacha kuukimbiza usingizi, huja wenyewe. Yaani nimekuwa baba wa mtoto mbishi, na mtoto mwenyewe ndiye mimi. Nikitaka aje, nimwambie aende!

Kuna kitu mwilini chenye mabosi wawili, nacho ni pumzi. Ukiisahau inajiendesha, ukiikumbuka inakutii. Moyo hauna adabu hiyo, hata uusimamie mchana kutwa. Lakini ukivuta pumzi polepole, kama mara sita kwa dakika, na kuitoa bila haraka, neva ya vagasi huuambia moyo upunguze mwendo. Basi mtu mzima, mwenye kitambulisho cha taifa na wajukuu, ili asikilizwe na mwili wake mwenyewe inabidi apitie kwa mjumbe.

Nikakubali yaishe. Safari iliyofuata zahanati nikakaa vizuri, miguu chini, mdomo nimefunga, macho nimefumba, navuta pumzi moja ndefu na kuiachia taratibu. Nikasikia moyo unaanza kurudi kwenye mstari. Nikasema moyoni, leo mashine itaniheshimu.

Dada nesi akaniangalia, akaona mzee kafumba macho na pumzi zinakuja moja moja.

"Daktari! Baba anazimia huku!"

Daktari akatoka mbio. Koti jeupe, refu, limepigwa pasi.