Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu wa Mapato: Ombi la Kumtambua Mmiliki wa Milele

Kwa: Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), Dar es Salaam

Kutoka: Wanunuzi na wauzaji wa vyombo vya moto vilivyotumika, Kata ya Ikuti, Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya

YAH: KUTAMBULIWA RASMI KWA MMILIKI WA MILELE

Kamishna Mkuu anaombwa ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kwa kuwa adabu ya barua za serikali inataka shukrani zitangulie shida, wakazi wa Ikuti wanaouziana magari, pikipiki na spea zilizotumika wanaanza kwa kuishukuru Mamlaka kwa fanikio moja ambalo, tangu ilipoanza kazi Julai 1996, haijalitangaza inavyostahili, nalo ni kumwezesha Mtanzania auze gari, alipwe, azile fedha, anunue jingine, na bado ahesabiwe kuwa mwenye gari lile la kwanza mpaka siku ya kufa kwake, na pengine hata baada ya kuzikwa.

Mtu huyo ndiye anayeitwa katika barua hii mmiliki wa milele, yaani yule ambaye jina lake limebaki katika kadi ya gari ilhali gari lenyewe limekwisha kupita kwa wanunuzi kadhaa. Chanzo chake kinaeleweka. Gari linapouzwa mkononi, yaani na mtu binafsi kwa mtu binafsi bila kampuni kuingia kati, pande mbili huandikiana karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, muhuri hugongwa, fedha huhesabiwa, na kadi hukabidhiwa ikiwa na jina lilelile iliyotoka nalo Dar es Salaam. Mnunuzi wa pili naye humwuzia wa tatu kwa karatasi yake, wa tatu humwuzia wa nne, na kila mmoja hupokea bunda zima la waliomtangulia, hivi kwamba Toyota Noah inayoteremsha abiria na mikungu ya ndizi mjini Tukuyu huweza kuwa na jalada nene kuliko la kesi ya shamba.

Wapo watakaosema kwamba huo ni uzembe wa wanakijiji, lakini mtazamo huo hauzingatii hesabu. Kodi ya uhamisho wa umiliki, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1972 ya usajili na uhamisho wa magari, imejulikana kwa miaka mingi kuwa shilingi 50,000 kwa gari na 27,000 kwa pikipiki, na juu yake huja shilingi 10,000 za kadi mpya pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Kila upande unatakiwa uwe na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, na siku ya kazi hupotea. Anayesema kweli kuhusu gari lake hulipia ukweli huo kila linapouzwa, na anayenyamaza halipi chochote. Mkulima anayeuza pikipiki ili apate ada ya mtoto hahitaji shahada ya uchumi kutambua lipi kati ya hayo mawili serikali imelifanya kuwa rahisi.

Ugumu hujitokeza pale mnunuzi wa nne anapotaka kuwa mkweli. Hapo huambiwa amlete mwenye jina, ambaye aliuza gari miaka mingi iliyopita katika mkoa mwingine, akabadilisha namba ya simu, na ambaye akipatikana huuliza, kwa haki kabisa, atalipwa nini kwa usumbufu huo. Akiwa amefariki, warithi wake, ambao huenda hawajui kwamba marehemu aliwahi kumiliki gari, hulazimika kumpata msimamizi wa mirathi kwa amri ya mahakama ili waliuze upya gari ambalo baba yao aliliuza akiwa hai na akili timamu. Ni sharti ikubaliwe kwamba si kila nchi imeweza kuwapa marehemu wake nafasi ya kushiriki biashara kwa kiwango hicho.

Mmiliki wa milele, kwa upande wake, hafurahii cheo chake kama inavyodhaniwa. Faini za usalama barabarani, ambazo kwa kawaida ni shilingi 30,000 kwa kosa, huandikwa katika mfumo wa kielektroniki kwa namba ya usajili wa gari, kwa hiyo dereva asiyemfahamu akipigwa tochi, yaani akinaswa na kipima mwendo cha askari, deni huandamana na namba iliyo na jina lake. Gari likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Mnunuzi naye hurithi madeni ambayo hakuyafanya, ya faini na ya maegesho, na huyagundua siku anaposimamishwa akiwa na shehena ya parachichi. Ndiyo maana neno «haidaiwi» limekuwa sifa kuu ya gari linalotangazwa kuuzwa, kabla hata ya kutajwa kama breki zinashika. Ni kweli kwamba bajeti ya mwaka 2017 iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia katika bei ya mafuta, jambo lililoondoa deni moja kubwa lililokuwa likiwasubiri wanunuzi, na kwa hilo pongezi zinatolewa bila kejeli.

Mchango mwingine wa Mamlaka ni elimu ya herufi. Namba za usajili wa magari binafsi huanza na T, hufuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo tatu husogea kadiri miaka inavyokwenda, kutoka A hadi E iliyofikiwa sasa. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, wala haisemi lilitengenezwa lini, lakini soko limeamua vingine, na gari la «namba D» huuzwa ghali kuliko la «namba B» hata kama yote mawili yalitoka kiwandani mwaka mmoja na la D limetangulia kuota kutu. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa ndani ya kadi, lakini dalali, yaani mtu wa kati anayelipwa kwa kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi na anayeongeza pia cha juu chake, huifungua kadi mwishoni kabisa, baada ya malipo ya awali.

Kuhusu umbali ambao gari limetembea, hali ni ya kustaajabisha zaidi. Nchini Japani, ambako magari mengi ya Tanzania hutoka, gari dogo la binafsi hukaguliwa kisheria linapotimiza miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama inayowafanya wenyeji wengi waone afadhali kuliuza, na kilomita zilizosomwa huandikwa hadi katika hati ya kulisafirisha nje. Ukweli huo huvuka bahari pamoja na gari na kuishia bandarini, kwa sababu kadi ya Tanzania, inayotaja hata idadi ya ekseli na viti, haina nafasi ya kilomita. Kuanzia hapo dashibodi huachwa huru, na yapo magari ambayo kadiri yanavyopanda na kushuka milima ya Rungwe ndivyo kilomita zake zinavyopungua. Wakati huohuo, katika barabara kuu ya kwenda Kasumulu, wakazi wa wilaya hiyo huyaona magari ya IT, yaani yaliyo safarini kwenda nchi jirani kupitia bandari ya Dar es Salaam, yakielekea Malawi na nyaraka zake zote zikiwa kamili, na huo ndio ukaribu wao mkubwa zaidi na gari lenye historia inayojulikana.

Spea hazihitaji maneno mengi. Muuzaji huzigawa katika madaraja matatu: orijino, mtumba na ya Mchina, na tofauti kati ya madaraja hayo mara nyingi ni boksi zilimofungwa. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inambana kuhusu ubora mfanyabiashara wa bidhaa husika kuliko jirani anayeuza shokapu zake mwenyewe, kwa hiyo anayenunua kwa jirani huwa amenunua na ujirani humohumo. Injini iliyotumika ina kioja chake: namba yake imeandikwa katika kadi, hivyo gari lililobadilishiwa injini bila taarifa huwa na chasisi ya mtu mmoja, moyo wa gari jingine na jina la mtu wa tatu, na trafiki akilifungua boneti, mwenye kujieleza ni mtu wa nne aliyeketi kwenye usukani.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mmiliki wa milele apewe kitambulisho chake, posho ya usumbufu na nafasi katika fomu za sensa, na kwamba watakaofikisha miaka 10 bila kuliona gari lao watunukiwe nishani ya utulivu. Ikiwa bajeti haitoshi kwa nishani, lipo jambo dogo la badala. Nchini Uingereza, muuzaji huiarifu mamlaka ya usajili kwamba gari limekwenda kwa mtu mwingine bila kulipa hata senti, na tangu hapo linaloandikwa juu ya gari hilo si lake. Kamishna Mkuu anaombwa aruhusu taarifa ya namna hiyo itolewe bure Tanzania, kwa simu, siku ileile ya kuuza, kodi idaiwe kwa mnunuzi peke yake, na kilomita zilizosomwa Japani ziandikwe katika kadi. Wenye mabunda ya karatasi za zamani wapewe muda maalumu wa kuyasafisha bila kutakiwa kuwatafuta waliokwisha kufa.

Ni wao,

Wenye magari yasiyo na majina yao, na wenye majina yasiyo na magari.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani.