Jina la Kisanskriti kwa chupa yako ya mitishamba: kumi bora, kuanzia balaa hadi bingwa

Mafuta ya manjano yakiitwa mafuta ya manjano, yanakaa rafu ya chini karibu na sabuni za kufulia. Yape jina la Kisanskriti na kizibo cha mbao uone yanavyopanda rafu, na bei nayo ikipanda bila haya. Basi wewe mwenye sabuni za mwarobaini na chai za tangawizi, njoo tuhesabu kurudi nyuma. Sharti letu ni moja: mdomo wa mnunuzi ndio hakimu, kamusi ni shahidi tu.

10. Kapha
Ayurveda inaupanga mwili kwa dosha tatu: vata, pitta na kapha. Hii ya tatu ni ya maji na ardhi, na makohozi yako chini yake. Makohozi peke yake yalitosha kuliangusha jina, lakini Mswahili naye ana lake: anasoma "kafa". Dawa ya kifua iitwayo Kafa haihitaji maelezo ya matumizi.

9. Bala
Maana yake nguvu, na pia ni mmea unaopikwa kwenye mafuta ya kuchulia viungo. Hapo pazuri. Sasa mchapaji akiteleza kidole akaongeza irabu moja, umefungua kampuni ya Balaa. Asipoteleza, watani wataiongeza wenyewe, bila malipo.

8. Kumari
Ndilo jina la mshubiri kwa Kisanskriti, na maana yake ni mwanamwali. Kule Kathmandu, Kumari ni mtoto wa kike anayeabudiwa kama mungu aliye hai. Heshima tupu. Likishuka bandarini Mombasa, hebu lisome polepole, silabi kwa silabi, halafu ujiulize kama utalitamka mbele ya mama mkwe. Tuendelee.

7. Kama
India wana Kama Ayurveda, kampuni ya vipodozi iliyoanza mwaka 2002, na kwao jina limekaa vyema kwa sababu kama ni matamanio. Lilete Kariakoo usikie:
"Hii nini?"
"Kama Ayurveda."
"Kama? Kumbe si yenyewe?"

6. Jina la mwenye hekima au la kitabu kitakatifu
Linavutia, ila lina wenyewe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya India ilimkatalia mfanyabiashara wa vijiti vya udi asilimiliki neno Ramayan. Kitabu cha umma hakigeuzwi ubani wa mtu mmoja. Patanjali Ayurved, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilichukua jina la mzee anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Yoga Sutra. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo ikaibana kampuni kwa matangazo ya kupotosha. Ilipoomba radhi magazetini, majaji wakauliza: je, tangazo hili la radhi lina ukubwa sawa na yale ya dawa? Ukijivika kanzu ya mtakatifu, jiandae kukaguliwa hadi soksi.

5. Ashwagandha
Ashwa ni farasi, gandha ni harufu. Mzizi wake unanuka farasi, na wazee wa Ayurveda hawakuona sababu ya kuficha. Ukiuza unga wa kurudisha nguvu, wanaume watapanga foleni huku wakidai wametumwa na rafiki. Ukiuza manukato ya bibi harusi, hama mji. Tena jina la mmea halikupi umiliki: Sheria ya Alama za Biashara ya India ya mwaka 1999 inakataa jina linaloeleza tu bidhaa ilivyo. Jirani naye ataandika Ashwagandha, kwa herufi kubwa kuliko zako, na utabaki kumtazama.

4. Soma
Kinywaji cha ibada cha kale, ambacho Rigveda imekitengea kitabu chake kizima cha tisa. Mmea wenyewe ulikuwa upi? Wataalamu wanabishana hadi leo. Aldous Huxley alilichukua jina hilo mwaka 1932 kwa dawa ya kuwatuliza raia katika Brave New World, na huko Marekani likatumika kuuzia dawa ya kulegeza misuli. Kwetu ni amri, na amri njema: soma lebo. Hatari yake ni kwamba mteja anaweza kutii, akakuta kiungo cha kwanza ni maji.

3. Amrita
Kinywaji cha miungu, kisichoruhusu kifo. Jina limewalipa watu: mwaka 1893 Bombay ilizaa Amrutanjan, dawa ya kuchua maumivu inayouzwa hadi leo. Ila nyumba hii imejaa wapangaji. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya India iliona kwamba jina Lakshmandhara linafanana mno na Amritdhara, dawa iliyotangulia sokoni. Wenye Kisanskriti chao wangesema Lakshman ni mtu na amrit ni kinywaji, wapi na wapi? Majaji walimfikiria mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka na kumbukumbu ya juujuu, ambaye sikioni mwake umebaki mlio na ile "dhara" ya mwisho. Haya, na ukishalipata jina la kutokufa, usisahau kugonga chini ya chupa tarehe ya mwisho wa matumizi.

2. Himalaya
Makao ya theluji. Mohammad Manal alianzisha kampuni yenye jina hili mwaka 1930, na uzuri wake ni kwamba halimwahidi mtu kupona. Linaahidi mlima, na mlima upo, nenda kauangalie. Mswahili naye anaokota "hima" hapo mwanzoni, anaamini dawa itafanya kazi upesi. Usiwaige kwa kukimbilia Kilimanjaro: maji wameshachukua, bia nayo imeshachukua.

1. Dabur
Ulidhani ni mantra? Mwaka 1884, Kolkata, alikuwepo Daktari S. K. Burman. Chukua "da" ya daktari, "bur" ya Burman, umemaliza. Hakuna Kisanskriti humo hata cha kulambia. Kimekuja baadaye kwenye chupa, kama Vatika, yaani bustani. Dawa na mafuta ya nywele yametangulia miaka mingi, ndiyo maana leo ukilisikia jina unanusa maandiko ya kale. Chema chajiuza, kisha kinalipa jina lake ukale ambao halikuzaliwa nao.

Kwa hiyo kata mwanzo wa cheo chako, ubandike na mwanzo wa jina lako, mtamkie shangazi mara tatu. Asipocheka, kimbia BRELA ukiwa Tanzania, au KIPI ukiwa Kenya, ukalisajili. Isipokuwa wewe, Mama Yasini. Yako yanatoa Maya, na hilo Kisanskriti wanalo tayari: kiini macho.